Tafuteni Salfa Kwanza: Hotuba Kuhusu Nikeli ya Kabanga na Miamba ya Kale

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa wilaya na wa vijiji, walimu, wanafunzi mliojaa upande ule, wazee wangu na akina mama mliotoka Bugarama na vijiji vya jirani: itifaki yote imezingatiwa. Wazee, shikamooni.

Neno nikeli si geni Ngara. Wapo hapa waliolisikia miaka ya 1970, wataalamu wa Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa walipopita katika mabonde haya wakichota udongo na mchanga wa vijito. Wapo waliozaliwa baadaye wakakuta wazazi wao wanausubiri mgodi. Kampuni zimekuja, zimechoronga, zimeuziana, nyingine zimeondoka. Tangu 2021 ipo Tembo Nickel, ambayo Serikali ina hisa za asilimia 16 ndani yake, na leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa mwaka huohuo. Mambo ya fidia, ajira na kodi yana wenyewe, nami nawaachia. Mimi ni mtu wa mawe. Nimekuja na swali moja tu: kwa nini nikeli imerundikana hapa Kabanga, chini ya vilima hivi, ilhali mwamba wa aina ileile umetokeza katika vilima vingine vya ukanda huu na haukutoa salfaidi za kuchimbika, yaani madini ya metali iliyoungana na salfa?

Jibu nalitanguliza. Nikeli yenyewe haikuwa shida. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyopanda hapa ilibeba nikeli ya kutosha, sawa na magma nyingine za aina yake. Kilichoifanya Kabanga iwe Kabanga ni salfa, na sehemu kubwa ya salfa hiyo magma haikutoka nayo kilindini. Iliipata njiani, ndani ya miamba iliyoitangulia mahali hapa. Muda uliobaki nitautumia kuwaonyesha tunajuaje hivyo, na kwa nini jambo hilo linawahusu ninyi mnaokunywa maji ya bonde hili.

Tuanzie chini. Chini ya ukoko wa dunia tunaokanyaga kuna tabaka nene sana la mwamba wa moto tunaloliita mantili. Mwamba wake ni wa ultramafiki, maana yake una magnesiamu na chuma kwa wingi na silika kidogo. Ni mweusi au wa kijani iliyokolea, na ni mzito mkononi. Madini yanayoutawala ni olivini. Katika mwamba wa mantili nikeli ni takribani asilimia 0.2, yaani kilo 2 hivi katika kila tani. Katika ukoko wa mabara nikeli ni makumi machache tu ya gramu kwa tani. Kwa hiyo mantili ni ghala, na magma yoyote inayotokana na kuyeyuka kwingi kwa mantili hutoka na nikeli yake.

Lakini nikeli iliyomo ndani ya olivini ni kama haipo kwa mchimbaji. Imefungwa katika fuwele yenye silika, na kuitoa humo kunakula nishati na kemikali nyingi. Mchimbaji wa mwamba mgumu anaitafuta nikeli iliyoungana na salfa, hasa katika madini yanayoitwa pentlanditi, ambayo karibu theluthi ya uzito wake ni nikeli. Pentlanditi husagwa, huelea katika matangi ya uchenjuaji, hukusanywa kuwa makinikia. Wenzake wa kila siku ni pirotiti, yenye chuma na salfa tu kwa sehemu kubwa, na kalkopiriti, yenye shaba. Madini haya matatu mtayaona mezani nikimaliza: pirotiti ina rangi ya shaba iliyochakaa na huvutwa na sumaku, kalkopiriti ni ya manjano inayong'aa, na pentlanditi ni ya manjano iliyofifia, imejificha katikati yao.

Nikeli inatokaje katika kifungo cha olivini na kuingia katika salfaidi? Hapa ndipo pana utamu wa somo hili, naomba mnivumilie.

Magma ina kiwango cha salfa inayoweza kuiyeyusha. Salfa ikizidi kiwango hicho, hujitenga na kuwa kimiminika cha pili ndani ya magma, matone ya salfaidi ya moto yasiyochanganyika na magma inayoyazunguka, kama mafuta na maji, ila hapa tone ndilo zito na ndilo linalozama. Tone hilo lina uchu wa ajabu. Nikeli ikipewa nafasi ya kuchagua kati ya magma na tone la salfaidi, itaingia kwenye tone mara mamia zaidi. Shaba hufanya vivyo hivyo. Platinamu na paladiamu, metali za thamani kubwa, hupita kiasi: huchagua tone kwa makumi ya maelfu ya mara, na vipimo vingine vinatoa namba kubwa zaidi ya hapo. Tone moja likipita katika magma nyingi linaifagia magma hiyo nikeli yake. Tone likikaa katika magma kidogo linashiba haraka, na kilichomo ndani yake ni chuma na salfa tu. Mwaka 1979 Ian Campbell na Anthony Naldrett waliliweka jambo hili katika hesabu nyepesi, uwiano wa kiasi cha magma kwa kiasi cha salfaidi, na hadi leo hatuwezi kuzungumzia ubora wa mbale ya nikeli, yaani mwamba wenye nikeli ya kuchimbwa, bila uwiano huo.

Basi mtu atasema: magma inapanda, inapoa, salfa inazidi, matone yanatokea, mgodi umepatikana. Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Maabara zimeonyesha kwamba kadiri magma inavyopanda na shinikizo linavyopungua, uwezo wake wa kuyeyusha salfa unaongezeka. Hata kama iliondoka kwenye mantili ikiwa imejaa salfa pomoni, ikifika karibu na uso wa dunia inakuwa na njaa ya salfa. Ikiachwa peke yake, itapoa polepole, itatoa olivini kwanza, na olivini itachukua nikeli yote iliyopo. Salfa ikija kuzidi mwishoni, nikeli imekwisha ondoka. Ndiyo maana vilima vingi vya mwamba wa ultramafiki havina salfaidi za kuchimba ingawa vina nikeli ndani yake. Ili mgodi upatikane, salfa lazima iongezwe, iongezwe kwa wingi, na iongezwe mapema kabla olivini haijamaliza kazi yake.

Nani ataiongeza? Nitawapeleka kwanza mbali na hapa, Magharibi ya Australia, mahali panapoitwa Kambalda, kusini ya mji wa Kalgoorlie, kando ya ziwa la chumvi la Lefroy. Eneo lile lilikuwa limechimbwa dhahabu kidogo mwishoni mwa karne ya 19, likaachwa. Tarehe 28 Januari 1966 kampuni ya Western Mining Corporation ilichoronga shimo lake la kwanza pale na kukuta mita 2.7 za mbale yenye nikeli asilimia 8.3. Kilichofuata ni wazimu wa soko: watu wa Australia walikimbilia hisa za nikeli, na hisa za kampuni ya Poseidon, iliyopata nikeli huko Windarra mwaka 1969, zilipanda kutoka senti 80 hadi dola 280 za Australia ilipofika Februari 1970, kisha zikaporomoka na kuwaacha wengi mikono mitupu. Hayo ya soko nayapita. Kilichobaki na thamani kwetu ni mwamba.

Mwamba wa Kambalda ni lava. Ina umri wa takribani miaka bilioni 2.7, na haifanani na lava yoyote inayotoka leo. Aina hiyo ilitambuliwa rasmi mwaka 1969 na ndugu wawili wa Afrika Kusini, Morris na Richard Viljoen, katika milima ya Barberton karibu na mto Komati, na ikapewa jina la mto: komatiti. Lava ya volkano zetu za kawaida hutoka na joto la nyuzi 1,100 au 1,200 hivi. Komatiti ilitoka ikiwa na joto la hadi nyuzi 1,600, kwa sababu dunia changa ilikuwa na moto zaidi ndani yake. Karibu komatiti zote ni za zama za kale kabisa. Ya karibuni inayojulikana sana, ya kisiwa cha Gorgona huko Kolombia, nayo ina miaka kama milioni 90. Ukivunja komatiti iliyopoa haraka utaona fuwele ndefu nyembamba za olivini zimepishana kila upande. Waaustralia wanaziita spinifeksi kwa jina la nyasi zao kali za jangwani. Fuwele hizo zilikua haraka kutoka katika lava iliyokuwa nyepesi mno, yenye mnato mdogo mno, iliyokimbia juu ya sakafu ya bahari.

Na ilikimbia juu ya nini? Juu ya mashapo, yaani tope na mchanga, yenye salfaidi, yaliyotulia baharini kati ya mlipuko mmoja na mwingine. Wachimbaji wa Kambalda waligundua jambo ambalo mwanzoni liliwatatiza. Mbale imelala katika mifereji, mabonde marefu membamba chini ya lava. Pembeni mwa mfereji mashapo yapo. Ndani ya mfereji, palepale penye mbale, mashapo hayapo. Mwaka 1984 Herbert Huppert na wenzake walipendekeza kwamba lava yenye joto kiasi kile, ikitiririka kwa msukosuko, inaweza kuyeyusha sakafu inayopita juu yake na kujichimbia njia. Kwa maelezo hayo, mashapo yaliyokosekana yaliliwa, salfa yake ikaingia ndani ya lava, na matone ya salfaidi yakatokea papo hapo, ndani ya lava iliyokuwa bado na nikeli yake yote. Yakazama, yakatulia chini ya mfereji. Ndiyo maana mbale ya Kambalda ina mpangilio: chini kabisa salfaidi tupu, juu yake salfaidi iliyojaza nafasi kati ya punje za olivini, juu zaidi vitone vilivyotawanyika. Afrika tunazo ndugu zake. Mgodi wa Trojan huko Bindura, Zimbabwe, ni komatiti ya umri unaokaribia ule.

Kuna waliokuwa na shaka, na shaka ilikuwa halali, kwa sababu kukosekana kwa mashapo kungeweza kuelezwa kwa njia nyingine. Ushahidi ulionitoa mimi shaka ni wa hewa. Kabla hewa ya dunia haijapata oksijeni, zaidi ya miaka bilioni 2.3 au 2.4 iliyopita, hapakuwa na tabaka la ozoni. Miale ya urujuanimno ya jua ilipenya na kuivunjavunja gesi ya salfa dioksaidi iliyotapikwa na volkano. Salfa ina isotopu kadhaa, yaani atomu za salfa zenye uzito tofauti kidogo, na kuvunjwa kule angani kuliacha uwiano wa pekee kati ya isotopu hizo. Uwiano huo haupatikani ndani ya mantili na hautengenezwi na magma. Salfa ile ilinyesha baharini na kulala katika mashapo. Mwaka 2009 Andrey Bekker na wenzake walipima mbale za nikeli zilizo katika komatiti, za Kambalda zikiwemo, wakakuta alama ya angani imo ndani ya salfaidi. Fikirieni uzito wa jambo hilo. Salfa iliyoshika nikeli iliyotoka kilindini iliwahi kuwa gesi katika anga ya dunia isiyo na oksijeni, ikashuka na mvua, ikalala kwenye tope la bahari, ikafunikwa na lava. Kila nikifundisha sura hii nasisimka.

Sasa turudi nyumbani.

Kabanga si komatiti. Hapa magma haikufika juu kutiririka kama lava. Ilijipenyeza kati ya matabaka ya mashapo na kupoa humohumo chini ya ardhi. Na ni changa ukilinganisha na Kambalda: vipimo vya umri wa miamba hii ya Kabanga na ya jirani zake wa Musongati, Burundi, vinaangukia kati ya miaka milioni 1,370 na 1,400 hivi iliyopita. Ni tukio moja kubwa lililosukuma magma kutoka kwenye mantili kwenye mstari mrefu wa ukanda wa Karagwe na Ankole. Mashapo iliyoyakuta yalikuwa tope la bahari lenye kinywe, yaani grafiti, na salfaidi, ambalo leo ni shisti, ile miamba ya kijivu na myeusi inayopasuka kwa mabapa mnayoiona kwenye kingo za barabara. Miili ya mwamba wa ultramafiki iliyobeba mbale ni midogo. Ni mirefu, myembamba, imelalia upande mmoja, inashuka kilindini zaidi ya kilomita moja. Ukitazama ramani unashangaa mwamba mdogo kiasi kile umebebaje salfaidi nyingi kiasi kile. Salfa yote ile haikuweza kuyeyukia ndani ya magma iliyobaki pale.

Maelezo ninayoyakubali ni kwamba miili hii ilikuwa njia. Magma ilipita, ikapita tena, ikaelekea juu, na kilichobaki mbele yetu ni mifereji ya mapito yake, imejaa vizito vilivyozama. Kila mkupuo mpya ulileta nikeli mpya kwa salfaidi iliyokwisha tulia. Ndani ya salfaidi kuna vipande vya shisti vilivyomezwa, vingine bado vina kona zake, na pembeni ya mwamba mama kuna salfaidi iliyosukumwa ikaingia ndani ya shisti yenyewe, nje kabisa ya mwamba ulioizaa. Kuhusu salfa, Wolfgang Maier na wenzake waliipima isotopu zake. Alama ya anga isiyo na oksijeni hatuitarajii hapa, maana wakati huo oksijeni ilikwisha ingia hewani. Lakini ipo alama nyingine. Salfa ya mantili, ukilinganisha isotopu nzito na nyepesi, hukaa karibu na sifuri ya kipimo chetu. Salfa iliyopita baharini, ambako bakteria huichambua nyepesi na nzito, huhama kutoka sifuri. Salfa ya Kabanga ni nzito kupita sifuri kwa zaidi ya 10 katika elfu, kama ilivyo ya shisti inayoizunguka. Kwangu mimi hapo hakuna ubishi: shisti imeliwa.

Wanafunzi, nataka mlione jambo hili jinsi lilivyo na pande mbili. Shisti ilitoa salfa nyingi, kwa hiyo tone lilikuwa kubwa kwa magma iliyokuwapo. Ule uwiano wa Campbell na Naldrett ukawa mdogo. Matokeo yake mbale ya Kabanga ina pirotiti nyingi, na platinamu na paladiamu ni haba. Akiba iliyotangazwa ina nikeli karibu asilimia 2 kwa wastani, pamoja na shaba na kobalti. Kwa mbale ya salfaidi hiyo ni daraja zuri sana duniani, na wingi wake chini ya ardhi ndio unaoipa Kabanga jina. Lakini ukisikia mtu anaahidi platinamu tele kutoka hapa, mwulize ameisoma wapi kemia yake.

Upande wa kutafuta, shisti hiyohiyo ni mtihani. Salfaidi iliyoshikamana hupitisha umeme vizuri. Tunapitisha vyombo vya sumaku-umeme ardhini au kwa ndege, tunasikiliza ni wapi umeme unajibu, tunachoronga hapo. Ngara kila kitu kinajibu! Kinywe hupitisha umeme. Pirotiti ya kawaida iliyomo ndani ya shisti, isiyo na nikeli, hupitisha umeme na huvutwa na sumaku. Mtafiti anachoronga mita mia tatu kwa gharama kubwa na kukuta tope jeusi la zamani. Ndipo inabidi kuunganisha vipimo: mvutano wa dunia, kwa kuwa salfaidi tupu ni nzito kuliko shisti kwa zaidi ya nusu, vyombo vinavyoshushwa ndani ya shimo lililokwisha chorongwa vitazame pembeni, na kemia ya olivini. Hiki cha mwisho nakipenda na naona hakitumiki inavyostahili. Ukikuta olivini katika mwamba kama huu ina nikeli ndogo kuliko inavyopaswa, maana yake kuna kitu kiliifagia nikeli kabla olivini haijaganda. Kitu hicho kwa kawaida ni salfaidi, na iko mahali fulani si mbali.

Juu ya ardhi alama ni kofia ya chuma, yale mawe ya rangi ya kutu, mepesi kuliko yanavyoonekana, yenye vitundu vitundu, ambayo ni salfaidi iliyooza kwa mvua na hewa kwa muda mrefu. Kwenye mvua kama za Kagera nikeli huoshwa humo, kwa hiyo nikeli peke yake haitoshi kukuambia kitu. Tunapima pia shaba, platinamu na paladiamu, kwa sababu hizo hung'ang'ania. Mwananchi akiokota jiwe kama hilo, asilipasue kulitafuta dhahabu. Aandike mahali alipolipata na alipeleke ofisi ya Afisa Madini Mkazi, au liende Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma.

Nitoe maoni yangu, na wenzangu wanaweza kunipinga. Utafiti katika ukanda huu umeng'ang'ana mno na miili iliyokwisha kujulikana na kuisoma miamba ya ultramafiki peke yake. Kama salfa ndiyo iliyoamua, basi ramani ya kuchorwa kwa bidii ni ya shisti: wapi palikuwa na tope lenye salfaidi nyingi, lilikuwa nene kiasi gani, na mfereji wa magma ulilikata wapi. Kusini-mashariki kwetu, Ntaka Hill, Nachingwea, kuna salfaidi ya nikeli katika miamba iliyokandamizwa na kupashwa moto hadi sura yake ya kwanza ikapotea, na huko pia nashauri kuanza na swali hilohilo.

Musongati, ng'ambo ya mpaka, nikeli kubwa inayozungumzwa si ya salfaidi. Ni olivini iliyooza juani na mvuani hadi ikawa udongo mwekundu wenye nikeli. Nikeli ya udongo wa namna hiyo ndiyo Indonesia inayoichimba kwa wingi hadi kushika zaidi ya nusu ya nikeli inayotolewa duniani, na bei iliyoshuka kwa sababu hiyo iliifanya kampuni ya madini ya BHP kusimamisha shughuli zake za nikeli Magharibi ya Australia mwaka 2024, kiwanda cha uchenjuaji cha Kambalda kikiwemo. Kwa hiyo mbale nzuri haitoshi kuwa na mgodi, na Ngara nadhani mnalijua hilo kuliko mimi.

Niingie kwenye jambo la mwisho, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote niliyosema. Salfa iliyokusanya nikeli haiondoki nikeli ikiondoka. Pirotiti inayobaki baada ya uchenjuaji ikikutana na hewa na maji hugeuka tindikali ya salfa, na pirotiti hufanya hivyo haraka kuliko salfaidi nyingi. Tindikali hiyo inayeyusha metali zilizobaki na kuzipeleka mtoni. Maji ya wilaya hii yanashuka Ruvubu na Kagera, na Kagera inamwaga Ziwa Victoria. Watu wengi wanalifikiria tu bwawa la topesumu, linalowekwa mabaki ya uchenjuaji. Mimi nawaomba mfikirie pia shisti. Ili kuifikia mbale lazima utoboe shisti, uitoe nje na uirundike mahali, na nimewaeleza sasa hivi kwamba shisti hiyo ina salfaidi yake yenyewe, isiyo na nikeli hata kidogo. Kwa mhasibu ni kifusi. Kwa maji ni mbale ya tindikali.

Namna za kuizuia zipo na zinajulikana: kuitenga shisti yenye salfaidi na ile isiyo nayo tangu siku ya kwanza, kurudisha mabaki chini kujazia vyumba vilivyochimbwa, kuyaweka mbali na hewa, kuchanganya na mwamba wenye chokaa inayoua tindikali pale unapopatikana. Kila moja inahitaji vipimo kabla, kwa sampuli nyingi, kwa miezi, si kwa siku moja. Kwa hiyo siku ya mkutano wa kijiji, mzee akisimama, au wewe mwanafunzi wa kidato cha tatu, uliza hivi: shisti itakayotolewa imepimwa uwezo wake wa kuzaa tindikali, sampuli zilikuwa ngapi, zilitoka kina gani, na kila aina itawekwa wapi? Majibu ya maswali hayo huwa ni namba na ramani. Ombeni muonyeshwe.

Nawashukuru kwa utulivu wenu. Mawe yako mezani, sumaku iko pale. Wanafunzi mtangulie, na maswali nitayapokea hapohapo.